Kijaluba na Pantoni

Tarehe kumi na mbili Mfunguo Pili, masika yakiwa yanamalizia, mume wangu alifariki. Alikuwa ametoka kusali alasiri, akasema kifua kinambana, akakaa kwenye ngazi za chini karibu na gari lake kwa sababu hapo ndipo penye ubaridi. Nilipoteremka na gilasi ya maji alikuwa hayupo tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea tairi. Siandiki hivyo ili ipendeze, ndivyo nilivyomkuta.

Watu waliokuja kunipa mkono wa tanzia walijua nimepoteza mume. Hawakujua, na sikuwa na namna ya kuwaambia, kwamba nimepoteza pia sauti. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikishona juu huku nikimsikia chini akiwasha injini, akiizima, akiiwasha tena, akisema nayo kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Siku ya pili ya msiba cherehani ilikuwa imefunikwa, bohari limefungwa, na nyumba ilikuwa kimya hata nikaisikia saa ya ukutani ya jirani.

Tunakaa Malindi, nyumba ya zamani ya mawe. Sisi tulikuwa na ghorofa ya kwanza na bohari la chini, ambalo mlango wake ni mpana kwa sababu zamani yalikuwa yakiingizwa magunia ya karafuu. Siku tuliyohamia, mwenye nyumba alitufungulia bohari hilo, na nyuma ya magunia matupu palikuwa na gari.

"Hilo alikuwa nalo marehemu baba," alisema. "Ukiliondoa umenifaa."

Mume wangu hakuliondoa. Alikuwa mwendesha winchi bandarini, na kila alipotoka kazini aliteremka bohari kabla hajala. Ni gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, la paa la turubai linalokunjwa, na ukikaa ndani yake huwi juu ya barabara kuliko mtu aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Alilifufua kidogo kidogo. Mimi nilishona viti na paa, kwa cherehani ileile ninayoshonea mabuibui mpaka leo. Siku lilipowaka, alikuja juu mikono imejaa grisi, akasimama mlangoni kwangu, na mimi nikaacha kushona.

Rafiki yake walijuana bandarini. Ni muuza mbao, mtu mkubwa wa mwili, na mjomba wake aliyeko Maskati alimletea gari la Kimarekani, la zile injini za silinda nane ambazo wapenzi wa magari huziita za misuli. Mume wangu ndiye aliyeliteremsha kutoka melini kwa winchi. Huku chini mwenyewe alikuwa akipiga kelele, mikono juu kama anayedaka mtoto, "Polepole! Polepole, bwana wee, hilo si saruji!" Lilipogusa ardhi mume wangu aliteremka kwenye winchi kwenda kulitazama. Wakaanza kubishana hapohapo, na hawakunyamaza tena.

Walibishana barazani kwetu kila siku baada ya magharibi, na mimi nikiwasikia kutoka dirishani.

"Kijaluba chako hicho," rafiki yake alisema, "hukitia tambuu au hukipanda?"

"Nakipanda, na nikifika kona nageuka. Wewe pantoni lako likitaka kugeuka linataka bandari."

"Nigeuke wapi na mimi nnakwenda mbele? Mwenye silinda nane hageuki. Watu ndio wanaompisha."

"Silinda nane, na tuta moja la Mwanakwerekwe linakulaza tumbo."

Majina yakabaki hayo. Gari letu likawa Kijaluba, kikopo cha tambuu, na lake likawa Pantoni, chombo cha kuvushia magari, na hata wanawake wa mtaani wakawa wanayaita hivyo.

Nimepanda yote mawili, kwa hiyo naweza kusema nilichokiona. Pantoni lina injini nzito mbele na nyuma ni jepesi. Likiwa limesimama linatetemeka kama sufuria ya maji yanayochemka, na likikanyagwa mafuta kwenye barabara iliyonyooka, mgongo unabanwa kitini na huwezi kuinuka hata ukitaka. Lakini usukani wake ni laini mno. Unauzungusha kama unakoroga uji, na gari linafikiri kwanza ndipo lifuate. Kwenye maji mkia wake unataka kwenda mbele. Na ukitaka kulisimamisha, anza mapema.

Kijaluba hakina nguvu hizo. Kwenye barabara iliyonyooka hata daladala hukipita. Lakini ukigusa usukani, pua imeshakwenda. Unaisikia barabara yote mikononi, hapa mchanga, hapa lami imepasuka, na kona inayoyafanya magari mengine yapunguze mwendo, chenyewe huipita kama kinateleza kwenye reli. Na kwa vile uko chini sana, mwendo mdogo unauona mkubwa. Mume wangu alikuwa akinitia hofu kwa mwendo ambao ndani ya Pantoni ningeweza kutunga uzi kwenye sindano.

Jambo moja la Pantoni lazima nilieleze, kwa sababu yote yaliyofuata yamo humo. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na lile gari la Kimarekani lina usukani kushoto vilevile. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani, na akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila lori. Lazima mtu akae kiti cha kulia amchungulilie. Mtu huyo alikuwa mume wangu. Alitoa kichwa dirishani, akatazama, akasema "Bado," au akasema "Pita." Basi. Akisema "Pita," rafiki yake hakuuliza mara ya pili. Alikanyaga mafuta na kutoka, haoni kitu, ameyaweka maisha yake kwenye neno la mwenzake. Watu wawili wasiokubaliana hata kama leo ni Jumanne.

Mara moja tu niliwaona wakishindana, kama kule ni kushindana. Tulialikwa harusi Kidichi, kila mtu akaenda na gari lake. Kutoka Mtoni barabara imenyooka, na Pantoni likatupita kwa ngurumo hata buibui langu likapepea. Rafiki yake alitupungia mkono kama waziri. Mume wangu hakujibu. Tulipokata kulia Bububu tukaanza kupanda, kona zikaanza, na nilimwona akitabasamu peke yake. Tulilikuta Pantoni kwenye kona ya tatu au ya nne, linahangaika, tukalipita kwa upande wa ndani polepole kabisa, na mume wangu akapunga mkono kama waziri. Wakati wa kurudi ikanyesha mvua. Pantoni liliteleza mkia mara moja, sisi tukiwa mbele tunaona kiooni. Mume wangu alisimamisha gari Bububu, akamsubiri, akajifanya anafunga paa. Hakumtania siku hiyo wala baadaye. Kuhusu nani alishinda, kila mmoja alisema ni yeye, na sioni kama kuna aliyesema uongo.

Barabara hiyohiyo ya Kidichi ndiyo aliyonifundishia kuendesha. Nina leseni. Si dereva mzuri, naogopa pikipiki.

Baada ya hitma, kaka wa marehemu alizungumza. Ni mkubwa wao, anakaa Jambiani na mama yao, na yeye ndiye aliyesimamia mambo ya mirathi. Mimi nilikuwa nimeshakaa eda, niko nyuma ya pazia, na mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliyekuja kukaa nami, alikuwa mlangoni akipokea maneno na kuyapeleka.

"Mwambie shemegi sina ugomvi naye," alisema. "Lakini lile gari, ipo hoteli Kendwa inalitaka. Watatoa injini, watatia maua, likae mlangoni wageni wapige picha."

"Maua ndani ya gari?" mama mkubwa aliuliza.

"Kwenye boneti, Mama. Ndiyo mambo ya sasa."

"Basi na mimi nikishindwa kutembea nitieni maua mdomoni mniweke mlangoni."

Watu walicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko mle ndani tangu mazishi. Nilimnong'oneza mama mkubwa, naye akasema, "Anasema gari linatembea."

"Lilitembea na mwenyewe," kaka wa marehemu alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Eda ni ndefu, na chumvi ya mji huu haisubiri mtu. Baba yetu alifariki tukaiacha mashine yake ya kusaga uani, tukasema tutaitazama. Ilioza mbele ya macho ya mama. Sitaki aone tena kitu cha marehemu kinaoza. Mimi nasema hivi: akitoka eda, gari lije Jambiani kwa magurudumu yake, mama alione. Likifika, litakuwa fungu la shemegi na sitalitaja tena. Lisipofika nitaleta lori."

Nilisema naam. Nilimwelewa.

Basi hiyo miezi minne na siku kumi ya eda wengine huihesabu kwa mambo yao. Mimi nilikuwa nikiihesabu kwa gari. Mjane wa kwetu akiwa ndani ya eda hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii mafuta mazuri, na wanaume wasio maharimu wake, wale wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Nilikubali yote hayo na sikuona tabu, sikuwa na pa kwenda. Lakini injini ya zamani isipowashwa inakauka, na aliyekuwa akiiwasha tumeshamzika.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisikia hodi ya rafiki yake.

"Shemegi," aliita kutoka chini, "ufunguo wa Kijaluba uko wapi?"

Mama mkubwa aliteremka akampa. Nilikaa juu ya ngazi, nyuma ya kanga tuliyoitundika, nikamsikia akihangaika kuingia. Mlango ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Yule mtu ni mrefu na mnene, na gari lile limetengenezwa kwa watu wembamba.

"Umeshaingia?" mama mkubwa aliuliza.

"Nusu, Mama. Nusu nyingine inakuja."

Alipoingia, miguu ikawa haina nafasi. Kila akikanyaga klachi anakanyaga na breki. Nikashindwa kunyamaza, nikasema kutoka juu, "Vua viatu."

Nadhani hakujua kama ninasikia. Kisha nikasikia viatu vikitupwa sakafuni, kimoja, na kingine.

"Sasa vuta choki nusu," nilisema. "Nusu, siyo yote. Usikanyage mafuta. Kikikohoa mara mbili, ndipo uyaguse kidogo."

Kikakohoa mara mbili, akayagusa kidogo, kikawaka. Nilishika ukuta. Mama mkubwa alinitazama, akateremsha macho yake kwenye tasbihi.

Sasa kosa la kwanza. Kwa kunistahi, rafiki yake alikuwa amefunga mlango wa bohari, ili wapita njia wasichungulie nyumba yenye eda. Sitara njema, lakini ekzosi haina habari za sitara. Moshi ulipanda ngazi zote ukatujaa vyumbani, mama mkubwa akaanza kuleta shahada, na majirani wakaja na ndoo. Mmoja alimwaga maji kabla hajauliza. Rafiki yake alitoka bohari pekupeku, nguo zimemganda mwilini, akisema, "Hakuna moto, jamani, ni Kijaluba tu, kinavuta pumzi!" Tangu siku hiyo tuliacha mlango wazi na kutundika kanga mbili za mama mkubwa.

Akawa anakuja kila Ijumaa. Anavua viatu, anaingia nusu halafu nusu, anawasha, anaiacha injini ingurume muda wa kikombe cha kahawa. Mimi juu nasikiliza. "Plagi ya tatu inarukaruka," namwambia, naye anaifungua, anaisugua, anairudisha. Cherehani nilikuwa sijaifunua, lakini siku za Ijumaa mguu wangu ulikuwa ukienda wenyewe, kama unakanyaga.

Ijumaa moja, injini imeshazimwa, hakutoka. Alikaa mle ndani ya gari. Kisha akasema, "Shemegi, nnataka kukuuliza. Huku ndani alikuwa akisema nini juu ya Pantoni?"

Mume wangu alikuwa amenikataza nisimwambie. Nikafikiri kidogo. Nikaona katazo lile lilikuwa la mchezo wao, na mchezo umekwisha.

"Alisema breki zake zinamtia homa," nilisema.

"Hilo najua."

"Na alisema hajawahi kupanda kitu chenye raha kama kile. Kila mkirudi kutoka safari alikuwa akinieleza mlivyopita malori, mpaka chakula kinapoa. Alisema likikanyagwa anahisi kama ameshikwa mgongoni na mtu mzima, akiwa mtoto."

Mama mkubwa alijifanya amesinzia.

"Mimi sipiti tena, shemegi," alisema mwisho wake. "Juzi nimefuata lori la mchanga kutoka Tunguu mpaka mjini. Watu wananipigia honi nyuma. Mke wangu nikimkalisha pale anafumba macho. Nafuata tu." Kisha akajaribu kucheka. "Silinda zote nane zinafuata mchanga."

Nilimsikia akifunga kanga vizuri kabla ya kuondoka.

Kosa la pili ndilo lililokuwa kubwa, na tulilifanya sote, kwa adabu. Tuliwasha injini lakini hatukukitembeza. Kukitembeza ni kukitoa njiani, na Malindi kuna macho. Wangesema eda haijesha na gari la marehemu limeshaanza matembezi. Rafiki yake hakutaka nisemwe, na mimi sikutaka. Basi Kijaluba kilinguruma palepale, juu ya mawe yaleyale, tangu masika mpaka mwezi wa Maulidi.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa nguo safi, nikasali, nikateremka ngazi. Rafiki yake alikuwa bohari, na mkewe, na Pantoni lilikuwa likisubiri kwenye barabara kubwa kwa sababu kwetu halipiti. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Aliniona, akatazama chini, akasema, "Umekonda, shemegi," na mkewe akampiga kiwiko.

Injini iliwaka mara moja. Nikaingia, nikatia gia, nikaachia klachi. Kijaluba kikainama kama mtu anayetaka kusimama akashikwa shati, kikazima. Nikarudia. Kikazima. Rafiki yake akaenda nyuma akasukuma kwa mwili wake wote. Kikasogea, lakini magurudumu ya nyuma hayakuzunguka, yaliburuzika tu juu ya mawe.

"Breki zimeshika," alisema. Chumvi na unyevu vilikuwa vimezigandisha, kila Ijumaa tukifurahia sauti. Alitoa jasho. "Tulikuwa tunaliamsha tu, hatukulisimamisha."

Mkewe alisema kaka wa marehemu ameshapiga simu, anauliza kama tumetoka. Mama mkubwa akauliza ni nani aliyemjibu.

Nilikaa ndani ya gari nikalia. Nililia kwa sababu ya breki, na baadaye si kwa breki. Walinisubiri. Mama mkubwa aliniletea maji katika gilasi ileile.

Nilipomaliza nilikumbuka mlio. Kila mwaka, baada ya mvua kubwa, nilikuwa nikisikia chini mtu anatwanga, na nikimwita mume wangu nimwambie arudishe mchi wangu. Alikuwa akiuiba jikoni kugongea breki zilizoshika. Alisema nyundo ya chuma itapasua, mti hauvunji kitu. Nikapanda juu nikauchukua mchi wa kinu, nikarudi, nikapiga magoti kwenye gurudumu, buibui na yote.

"Tia gia ya kwanza, halafu rivasi," nilimwambia rafiki yake. "Mbele nyuma, mbele nyuma, kidogo kidogo."

"Viatu?"

"Vua."

Akavua. Yeye akawa anakitikisa na mimi natwanga pembeni mwa gurudumu, kuzunguka, kama mtu anayetwanga mpunga wa kuazima. Upande wa kulia uliachia kwa mlio mkali, mama mkubwa akaruka. Upande wa kushoto ulikataa sana. Mkono ulipochoka mke wa rafiki yake aliuchukua mchi bila kuombwa, akanipokea. Uliachia mikononi mwake.

Tuliweka mbao mbili kwenye kizingiti, kama alivyokuwa akiweka marehemu, na Kijaluba kikatoka njiani. Mama mkubwa alikataa kukipanda. Alisema hawezi kusafiri amekaa chini kuliko kuku. Akapanda Pantoni, kiti cha mbele cha kulia, kwa sababu ya magoti yake, na mke wa rafiki akakaa nyuma. Mimi peke yangu ndani ya Kijaluba, nikatangulia, paa nimelifunga.

Nilikwenda polepole. Mwanakwerekwe pikipiki zilinizunguka kama nzi, nikasoma kila dua niliyoijua. Baada ya Tunguu barabara ikafunguka na mikono yangu ikalegea. Niliisikia lami vidoleni, hapa imepasuka, hapa mchanga. Kwenye kona sikuvunja mwendo, nikagusa tu usukani, na kikaenda. Nilisema, "Ee, umeona?" kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kuona.

Baada ya Kitogani tulilikuta lori la matofali, linakwenda mwendo wa punda. Mimi niko kulia, naona vizuri, nikachungulia, nikalipita. Nilipotazama kiooni Pantoni lilikuwa limebaki nyuma ya lori. Nikapunguza mwendo. Halikuja. Baadaye waliniambia yaliyokuwa yakisemwa mle ndani.

"Mama, tazama mbele, pana gari?"

"Zipo."

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Mama, umefumba macho."

"Nimefumba kwa sababu ni nyingi."

Mbele yangu barabara ilikuwa tupu, imenyooka kabisa mpaka macho yanapokoma. Nikasogea kushoto. Nikateremsha kioo, nikatoa mkono wangu wa kulia wote, nikaupunga mbele: pita. Kwenye kioo sikuona kitu ila lori. Nikapunga tena.

Nililisikia kabla sijaliona. Ile ngurumo ikainuka, pua ya Pantoni ikatoka nyuma ya lori, pana, ikachukua barabara yote, na likanipita kwa upepo ulioitikisa turubai niliyoishona mwenyewe. Mama mkubwa alikuwa amefumbua macho, ndiye aliyeuona mkono wangu. Niliona mdomo wake uko wazi. Rafiki yake hakunitazama. Alikuwa ametazama mbele, na uso wake ulikuwa umelowa.

Alisimama Paje, nikamkuta ananisubiri, anajifanya anafuta kioo.

Jambiani mama mkwe alikuwa ameketi nje, mikono yake imepauka kwa mwani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Hakunitazama mimi kwanza. Alikwenda kwenye gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti, akaviacha pale kwa sababu ilikuwa na joto. Kaka wa marehemu alisimama pembeni. Alilizunguka mara moja, akapiga tairi kwa mguu, akasema, "Haya. Limefika," na akaingia ndani kuitoa simu yake kwenye chaji, ndivyo alivyosema.

"Mwanangu alikuwa anakaa wapi?" mama mkwe aliuliza. Nilimwonyesha. "Basi mimi nitakaa huku. Nizungushe."

Tukamwingiza, yeye ni mdogo, aliingia mara moja yote. Nikageuza ufunguo. Injini ilikuwa na joto la safari na ikakataa. Nikageuza tena, ikakataa. Mama mkwe alikaa mikono magotini, anasubiri, hana wasiwasi.

Rafiki yake alikuja nyuma ya gari. Kisha kaka wa marehemu alitoka ndani, akaona, akaiweka simu mfukoni, akaja kusimama kando yake. Wakainama wote wawili wakasukuma. Niliwaona kiooni, kaka wa marehemu akiwa na kanzu ameikunja na kuishika kwa meno. Kijaluba kilikohoa mara mbili, nikayagusa mafuta kidogo, kikawaka mbele ya duka la mkate, na mama mkwe akacheka kicheko ambacho nilikijua, cha mwanawe.

Tulikwenda mpaka nyumba za mwisho, nikageuza usukani, tukageuka palepale njiani, tukarudi. Rafiki yake alikuwa ameshapanda gari lake atufuate, lakini hapakuwa na nafasi ya Pantoni. Ilimbidi aende mpaka kiwanja cha mpira kugeuka.